Nyumba nendeni mkaiangalie mvua ikinyesha

Mi na baba watoto tulinunua nyumba yetu mwezi wa nane. Naanza na huo mwezi kwa sababu kosa lote lilianzia hapo, jua linawaka, upepo wa kusi unapuliza, barabara ya vumbi kavu kabisa, dalali katupitia jumamosi saa nne asubuhi, tunafika tunakuta nyumba imepigwa rangi mpya ya krimu, tailizi zinang'aa, jipsamu sebuleni ndo kwanza imewekwa, vyumba vitatu kimoja masta, uzio upo, geti lipo. Dalali anasema dada yangu kuna mtu anakuja saa nane na hela yake mkononi, mi nawapendelea nyie kwa sababu mmewahi. Tukalipia kishika uchumba siku hiyohiyo.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata mvua ikanyesha siku tatu mfululizo na usiku wa tatu nimeamka kumnyonyesha mtoto nikakanyaga maji, chumbani, yametulia tu hayana hata sauti. Yalikuja kukauka baadaye ila ukuta haukukauka. Ile rangi ya krimu ikaanza kuvimba kama lengelenge la mtu aliyeungua, ukiigusa inabanduka na nyuma yake kuna chumvi nyeupe, mpaka usawa wa kiuno nyumba nzima. Tulipokuwa tunachota maji na madebe akaja bibi jirani yetu, mtu mzima amekaa pale tangu pako mashamba, akasimama kwenye geti akaniambia mwanangu hapo ndo palikuwa njia ya maji, sisi tulikuwa tunalima mpunga hapo, mbona hamkuniuliza?

Hilo swali lilinikaa sana moyoni kwa sababu siku ile ya jumamosi bibi alikuwepo, amekaa kibarazani kwake, tulimsalimia shikamoo tukapita tukaenda kuangalia tailizi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa mtu anayetafuta nyumba au kiwanja hapa Dar ndo huu, usikubali kuiona nyumba kwa saa na msimu aliokuchagulia dalali peke yake. Yeye anajua ni lini inapendeza. Wewe nenda masika, yaani mwezi wa tatu mpaka wa tano, au kama huna subira hiyo nenda kwenye vuli kuanzia mwezi wa kumi, vaa mabuti, simama pale mvua ikinyesha uangalie maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Na kama imebidi ununue kiangazi basi soma ardhi yenyewe, ukiona matete, ukiona bustani za mchicha na magimbi karibu, ukiona kwa jirani kibaraza kimenyanyuliwa juu sana au mlangoni kuna kitofali kimejengwa cha kuruka, ukiona viroba vya mchanga vimepangwa kwenye kona ya uzio, hapo kuna habari. Angalia pia kuta za nje za nyumba za jirani ambazo hazijapakwa rangi hivi karibuni, alama ya maji huwa inabaki kama mstari wa kahawia. Ya muuzaji atakuwa ameipaka, ya jirani hana sababu ya kuipaka.

Na rangi mpya ikushtue kidogo. Sisemi kila anayepaka rangi anaficha kitu, mtu akiuza kitu anakisafisha, ni kawaida. Ila omba usogeze kabati, angalia nyuma yake, gonga plasta kwa ngumi chini karibu na sakafu usikie kama inalia utupu, panda juu ya dari uone kenchi kama zina mchwa na bati kama lina matundu ukiwa mchana (mwanga unaingia kama nyota). Uliza bati ni geji ngapi, watu wengi hawajui kwamba geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, wanadhani namba kubwa ndo bati gumu. Nenda na fundi wako unayemwamini, umlipe hela yake ya siku, asiwe fundi aliyeletwa na dalali. Fundi tuliyemwita sisi baada ya mafuriko aliangalia dakika kumi tu akasema hapa msingi uko chini na hawakuweka nailoni kuzuia unyevu kabla ya kupandisha tofali, dakika kumi ambazo tungezilipia mwezi wa nane.

Sasa kuna maji ya mvua na kuna sheria za maji, hapa watu wanaumia zaidi. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe zisifanyiwe shughuli za kudumu, na mto huko mitaani kwetu unaweza kuwa ule mfereji ambao kiangazi watoto wanachezea mpira ndani yake. Waliokuwa bonde la Msimbazi wanalijua hili vizuri. Mafuriko ya Desemba 2011 yalichukua watu na mali, serikali ikawahamishia wengine Mabwepande, halafu mwishoni mwa 2015 kuingia 2016 bomoabomoa ikapita bondeni. Boko Basihaya nako kila mvua ikizidi watu wanahama. Wengi wao walinunua kwa hela halali kutoka kwa mtu aliyekuwepo pale kweli, na mwenyekiti akashuhudia.

Barabara vivyo hivyo. Sheria ya barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande, kupimia katikati ya barabara, na kuna barabara kama Morogoro Road ambayo kuna sehemu hifadhi yake ni pana kuliko hapo kwa mbali sana, 2017 nyumba nyingi za kuanzia Kimara kwenda Kibaha zilivunjwa, nyumba za watu waliozeekea humo. Ile X wanayoichora watu wa barabara kwenye nyumba ya kubomolewa, nyekundu maana yake hulipwi kitu, ya kijani unafidiwa. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba iko barabarani kabisa, fremu za biashara utaweka, usifurahi kwanza, chukua futi kamba upime, halafu uende ofisi za barabara ukaulize hifadhi ya barabara hiyo ni mita ngapi. Kuuliza hawakatazi.

Tukija kwenye makaratasi hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona ndugu zangu wakilia. Ule mkataba wa serikali ya mtaa, wenye mhuri, mashahidi watatu na picha ndogo, unathibitisha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya hao watu, basi. Hauthibitishi kwamba fulani alikuwa na haki ya kuuza. Mwenyekiti wa mtaa hana daftari la ardhi la nchi. Daftari liko kwa msajili wa hati, na ndo maana kama muuzaji ana hati unachukua kopi yake unaenda kufanya upekuzi rasmi, mwenyewe au kwa wakili wako, unaona jina ni la nani, kuna mkopo wa benki umewekwa juu yake au zuio la mahakama. Hati nzuri kabisa inaweza kuwa na deni ndani. Na usisahau kusoma muda, hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99 kwa sababu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, wewe unapewa haki ya kutumia, sasa mtu anakuuzia hati ya miaka 33 iliyoanza 1999, hesabu mwenyewe, inaisha 2032. Inaweza kuhuishwa ndio, lakini ujue unachonunua. Uliza na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, hilo deni linaifuata ardhi na ardhi ukishanunua ni yako na deni lake.

Kama hakuna hati kuna leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha serikali cha kukaa pale, au hakuna kitu kabisa kuna mkataba tu wa mtaa, na sehemu kubwa ya mji wetu ndo iko hivyo, siwezi kukuambia usinunue kwa sababu mi mwenyewe nilinunua hivyo. Ila hapo majirani ndo daftari lako. Wale wanne wanaopakana na wewe, kila mmoja peke yake, dalali asiwepo, muulize huyu muuzaji alipapata vipi, kuna ugomvi wa mpaka, kuna mtoto wa marehemu aliyewahi kuja kudai. Halafu nenda halmashauri uangalie mchoro wa mipango miji, kiwanja unachouziwa inawezekana kwenye mchoro ni eneo la wazi au shule au barabara ambayo haijafunguliwa bado. Tafuta mpima akutafutie bikoni, zile alama za mpaka zilizofukiwa ardhini, kwa mashine yake, usikubali kuonyeshwa mpaka kwa kidole, "mpaka kwenye ule mwarobaini" sio mpaka.

Halafu kuna kitu kinaitwa ridhaa ya mwenza. Sheria ya ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia huwezi kuiuza bila mwenzako kukubali, hata kama imeandikwa jina lako. Kwa hiyo ukija kununua kwa baba, muulize mama yuko wapi, na umuone kwa macho, asaini mbele ya wakili. Ukiambiwa yuko kijijini anaumwa tutamtumia karatasi, subiri mpaka apone. Nyumba ya marehemu ndo usiseme, muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi hata ukiwa na saini ishirini, unataka mtu aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, kama ni mahakama ya mwanzo wanampa ile fomu namba nne, na hata akiwa nayo ongea na warithi mmojammoja.

Hela usibebe kwenye mfuko wa rambo. Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina la muuzaji, na lipa kwa hatua, kidogo mkataba ukisainiwa na kikubwa baada ya upekuzi kurudi msafi. Kuna na kodi ambazo watu wanazikumbuka wakati wa kuhamisha jina, kodi ya ongezeko la mtaji ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyopata muuzaji, na ushuru wa stempu asilimia 1. Ile ya kwanza ni ya muuzaji kisheria lakini akishachukua hela yake akazima simu ofisi haitahamisha jina mpaka ilipwe, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani analipa na ukibidi ubakishe kiasi mkononi mpaka uone risiti. Mjue pia kodi ya jengo toka 2021 inakatwa kwenye luku, kwa hiyo ukirithi mita irithi ukiwa umeangalia kama ina deni.

Vingine vidogo nenda tu usiku mara moja usikie baa iko karibu kiasi gani, nenda siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi upande daladala ya kutoka pale mpaka kazini kwako, uliza maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki kabla hujasifia simtanki.

Sisi hatukuhama. Hela yote ilikuwa pale, tungeenda wapi. Tulikaa na majirani sita wa upande ule wa chini tukachanga, tukachimba mtaro tukaujenga kwa mawe mpaka kwenye korongo, maana maji ukiyazuia kwako peke yako unayapeleka kwa mwenzako na ugomvi hauishi. Ndani tulibandua plasta yote mpaka juu ya kiuno, tukaacha kuta zikauke miezi miwili madirisha wazi, tukapiga upya simenti ikiwa na dawa ya kuzuia maji, nje tukaweka gata na mabomba ya kupeleka maji ya paa mbali na msingi, na kibaraza tukakipandisha. Kila mwezi wa pili na wa tisa kabla ya mvua tunazibua mtaro wote, wanaume kwa wanawake, jumapili moja inatosha. Mwenye nyumba akisubiri kudondoka kwa kitu ndo akitengeneze analipa mara tatu, mi nimeshaona kwenye gata peke yake. Mvua kubwa zimepita baada ya hapo na ndani ni pakavu, ila karo la choo bado linajaa maji ya ardhini yakizidi, hilo hatujalipatia jibu.

Nguzo ya geti sijaipaka rangi. Mstari wa maji wa ule mwaka upo palepale, juu ya goti langu kidogo. Nyumba ya pili kutoka kwetu inauzwa sasa hivi, wamepiga rangi, na kila jumamosi kama saa nne madalali wanaleta watu. Bibi siku hizi miguu inamsumbua hatoki sana. Nikisikia gari linasimama nafungua geti, nawasalimia, nawakaribisha maji ya kunywa, na mwenye kuniuliza namuonyesha ile nguzo.