Mfuko Uliohesabu Hadi 40

Kidude chenyewe ni kaunta ya kuhesabia, cha chuma, kinaenea kwenye kiganja. Kina pete ya kupitisha kidole, kitufe juu kwa ajili ya dole gumba, dirisha lenye tarakimu 4, na kifundo pembeni cha kurudisha namba kwenye sifuri. Ukibonyeza kinasema kli, namba inapanda. Hakina betri, hakina programu, hakizimiki. Nilikiamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe, na mpaka leo sina kosa lolote la kukisingizia.

Nilikuwa kocha msaidizi kwenye mashindano ya kimataifa ya besiboli ya watoto wa miaka 12. Msaidizi wa pili, nisijipandishe cheo. Yule anayebeba mifuko. Kazi zangu zilikuwa mbili tu: kuhesabu mirusho ya mrushaji wetu, na kumvalisha mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira, vifaa vyake chapuchapu ngwe inapogeuka (ngwe ni kipindi ambamo kila timu hupiga zamu moja). Hakuna aliyewaza kwamba kazi hizo mbili zinaweza kugombana.

Kuhesabu si mapambo. Mtoto wa miaka 12 bado mifupa ya kiwiko na bega inakua, na pale inapokua ndipo palipo laini. Ukimwacha arushe mpaka achoke, paharibike. Ndiyo maana Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, ambao kanuni zao ndizo tulizokuwa tukizitumia, waliachana mwaka 2007 na mtindo wa kuhesabu ngwe wakaanza kuhesabu mirusho. Mwenye miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidi 85 kwa siku. Akirusha 20 au pungufu, kesho yake yuko huru. Kuanzia 21 hadi 35 anapumzika siku 1. 36 hadi 50, siku 2. 51 hadi 65, siku 3. 66 na kuendelea, siku 4. Mambo ni yale yale hata kule South Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano yao makubwa ya kila Agosti, ambako mwaka 2012 Uganda waliingia wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika. Uwanja nao ni ule ule: mita 14.02 kutoka kwa mrushaji hadi besi ya nyumbani anakopigia mpigaji, mita 18.29 kati ya besi na besi, ngwe 6 basi.

Kinachohesabiwa ni kila mpira unaorushwa kwa mpigaji: wa straiki (mzuri ulioachwa au kukoswa; 3 zinamtoa mpigaji), wa nje ya eneo la kupigia, uliopigwa ukaenda pembeni, uliopigwa ukachezwa. Ile mirusho 8 ya kupasha mkono mwanzoni mwa ngwe haimo. Wengi hukosea kwenye mipira ya pembeni, maana mpigaji akishakuwa na straiki 2 anaweza kuipiga hata 5 na ubao wa matokeo usitikisike. Anayeandika kwa kalamu huisahau. Mimi na kaunta yangu, sikusahau hata mmoja. Tatizo langu lilikuwa upande mwingine kabisa.

Sasa kuna kanuni iliyotupeleka kubaya. Mtoto akirusha 41 au zaidi, siku hiyo haruhusiwi kudaka. Mrushaji wetu nyota, kijana wa mkono wa kushoto tuliyemwita Shoto, ndiye pia aliyekuwa mdakaji wa akiba, na mdakaji wa kwanza alikuwa na kidole gumba kilichovimba. Kocha mkuu akanieleza mpango asubuhi, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto dukani.

"Akifika 40 unaniambia. Mpigaji atakayekuwa mbele yake tunamwacha amalizane naye, kanuni inaruhusu. Kisha namtoa, anakwenda kudaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Kocha."

"Arobaini."

"Arobaini, Kocha."

Ngwe ya kwanza ilikwenda kama maji. Kaunta mkononi, mirusho 12, wapinzani hawakupata kitu. Kocha akaenda kuulizia kwa afisa wa meza ya kumbukumbu, ambaye hesabu yake ndiyo ya mwisho kukitokea ubishi. Naye alikuwa na 12. Kocha akanipiga bega. Lile bega ndilo lililotuponza, kwa kuwa hakwenda kuuliza tena.

Zamu yetu ya kupiga tukapata pointi 3. Ngwe ilipoisha, mdakaji wetu alikuwa akingoja zamu yake ya kupiga, hana kifaa hata kimoja mwilini, na mwamuzi ameshaanza kutuangalia. Hapo ndipo ninapoitwa mimi. Nikatia kaunta mfuko wa mbele wa suruali, nikapiga magoti.

Kinga za miguu za mdakaji zina mikanda. Zetu zilikuwa na 4 kila mguu, yenye ndoano ndogo za chuma. Ndoano hukaa upande wa nje wa mguu. Ukizifunga kwa ndani zitanasana mtoto akikimbia, aanguke kama gunia. Kila ndoano ikiingia mahali pake inasema kli. Unaona tunakoelekea. Suruali yangu ilikuwa ya kubana, na nilipokuwa nikijikunja kufikia mkanda unaofuata, kitambaa kilikaza juu ya paja na kuukandamiza mfuko. Kli ya ndoano, kli ya mfuko. Nilizisikia zote. Nikajisemea moyoni, kweli vifaa vizuri vina sauti, ndoano moja inafunga mara mbili.

Kaunta ikapanda 6 bila mpira kurushwa.

Ngwe ya pili Shoto akarusha 9 tu. Kocha akauliza, nikatazama dirishani: "Ishirini na saba." Akatikisa kichwa, akaridhika. Kweli yake ilikuwa 21. Tukapiga tena, safari hii tukatoka mikono mitupu, mdakaji wetu akakwama besi ya pili. Akarudi mbio, nikapiga magoti, kli kli kli, zikaongezeka 7.

Ngwe ya tatu mpigaji wa kwanza alipiga mpira wa kwanza, akatolewa besi ya kwanza. Wa pili akahangaika mirusho 5 na kutoka kwa straiki. Wawili nje, hakuna mtu kwenye besi, tunaongoza 3 kwa 0, na Shoto anarusha kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Nikatazama dirishani.

"Kocha! Arobaini!"

Kocha akasita. Hata yeye alihisi 40 imefika mapema. Lakini kaunta ni kaunta. Akatembea hadi kwenye kilima cha mrushaji, akachukua mpira mkononi mwa kijana, na kwa kitendo hicho mlango ukafungwa: katika umri huu mrushaji akishatolewa kilimani harudi tena kurusha kwenye mechi hiyo.

Shoto akaja kuvalishwa vifaa vya kudakia. Nikapiga magoti mbele yake. Mwenzake, mdakaji wa kwanza, alikuwa anarukaruka. Huyu alisimama kimya kama nguzo, na katika ukimya ule nikasikia vizuri. Ndoano 8. Kli nilizohesabu zilikuwa 14. Nikashusha macho polepole kwenye mfuko wangu. Nilipoyainua, Shoto naye alikuwa anautazama mfuko.

Hakusema kitu. Akavaa kofia yake yenye wavu, akakiweka sawa kile kipande kinachoning'inia kukinga koo, akaenda.

Mrushaji wa akiba akapasha mkono mara 8, yote mizuri. Mpigaji alipofika, mkono ukasahau kila kitu. Mipira 4 ya nje, mtu besi ya kwanza. Mingine 4, mtu mwingine. Mingine 4, besi zimejaa. Kisha mpigaji wao mrefu kuliko wote akaupeleka mpira juu ya uzio, wote wanne wakapata pointi. 3 kwa 4. Mimi nilikuwa nimekaa nikiwa nimeyanyoosha magoti kama ubao, naogopa hata kupumua.

Ngwe ilipokwisha Kocha akaenda mezani. Afisa yule hatukuwa na lugha moja, akamwonyesha kwa vidole: kumi, kumi, saba. Kocha akarudi ameyatoa macho.

"Anasema ishirini na saba."

Na hapa nikiri dhambi. Nilikuwa naujua ukweli. Lakini 27 ndiyo namba niliyomtajia mwenyewe mwisho wa ngwe ya pili, na niliuona mlango wazi.

"Hiyo ni ya ngwe iliyopita, Kocha," nikasema. "Hajaongeza za ngwe hii."

Kocha akafikiri. Akaikumbuka ile 27. Uso ukaanza kulegea, akageuka kabisa ili aende zake, mimi nikashusha pumzi. Shoto akainua wavu wa kofia.

"Kocha, mfuko wake unahesabu hata kinga zangu."

Kocha akanitazama. "Piga magoti."

"Kocha..."

"Piga magoti."

Nikapiga. Mfuko ukasema kli.

Tulifungwa 6 kwa 4. Kilichobaki cha kutufariji ni kwamba kwa 27 Shoto alitakiwa kupumzika siku 1 tu badala ya 2, japo mechi yetu iliyofuata ilikuwa Alhamisi na hii ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo faida yenyewe haikutusaidia chochote. Kocha alininyooshea kiganja bila neno, nikakitia kaunta. Siku ya Alhamisi mirusho ilihesabiwa na watu watatu, mmoja kwa kaunta na wawili kwa karatasi yenye visanduku 85 vya kukata kwa kalamu.

Mimi nilipewa kofia za wapigaji. Zilikuwa 7. Nilizihesabu mara tatu nisije nikaaibika tena, na mara ya tatu zikawa 6, kwa sababu moja nilikuwa nimeivaa.