Dawa ya kikohozi isitangulie hewa

Wafugaji na wazazi wengi tuna tabia moja inayofanana, na inanisikitisha. Kuku akianza kukoroma, tunakimbilia duka la dawa za mifugo kununua unga wa antibayotiki wa kuchanganya kwenye maji. Mtoto akianza kukohoa, tunapitia famasi kuchukua amoksilini, nayo ni antibayotiki, bila mtu yeyote kumsikiliza kifua. Hewa wanayoivuta hao wawili usiku kucha hakuna anayeiulizia.

Wakati huohuo njia ya hewa ina kinga yake ambayo hatukuinunua. Pua inaipasha hewa joto, inaitia unyevu na kunasa vumbi kubwa. Vumbi linalopita hapo linanasa kwenye ute uliotanda ndani ya koo la hewa. Juu ya ukuta wa koo hilo kuna vinywele vidogo mno, havionekani kwa macho, vinavyopiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vyote vikisukuma upande mmoja, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za mchanga. Ute unapanda taratibu na vumbi na vijidudu vyake hadi kooni, tunaumeza bila kujua, na asidi ya tumbo inamaliza kazi. Chini kabisa mapafuni kuna seli zinazomeza kile kilichoponyoka. Kuku ana ute na vinywele hivyo, ng'ombe na mbuzi pia.

Vinywele hivyo vina maadui wawili tunaowatengeneza wenyewe: amonia na moshi.

Amonia ni gesi kali inayotoka kwenye kinyesi kilicholowana na maranda. Wataalamu wa kuku husema isizidi sehemu 25 katika milioni ya hewa, lakini mfugaji wa kawaida hana kipimo, na pua yake ikishazoea harufu haimwambii kitu. Ukifungua banda alfajiri na macho yakawasha, jua kuku wamekesha ndani yake, tena vichwa vyao vikiwa karibu kabisa na maranda yenyewe. Amonia inaviharibu vinywele, ute unatuama, na kijidudu kilichokuwa kitolewe kinabaki pale kinaongezeka. Hapo ndipo mafua ya kuku yanaposhika banda zima. Unga wa dukani utawatuliza wiki moja, kisha wataanza tena kukoroma kwa sababu maranda ni yaleyale na turubai limeshushwa hadi chini. Wapo wanaolea vifaranga kwa jiko la mkaa katika chumba kilichozibwa kila upenyo, wakiogopa baridi. Baridi ni hatari kweli, lakini moshi na hewa ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye mkaa navyo vinaua.

Kwa mdondo, au kideri, hata hiyo wiki moja ya nafuu huipati. Ule ni ugonjwa wa kirusi, na antibayotiki haimgusi kirusi. Kinachofanya kazi ni chanjo, na hapa Tanzania tuna I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi na inayotolewa kwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Napenda sana jinsi tone hilo linavyofanya kazi. Kutoka jichoni linateremka na machozi hadi puani, na nyuma ya jicho la kuku kuna tezi inayotengeneza kinga papo hapo, kwenye mlango uleule ambao kirusi angeingilia. Ni dawa inayoongeza nguvu ya kinga iliyopo badala ya kuisubiri ishindwe.

Sasa twende jikoni. Chembe za moshi wa kuni na mkaa nyingi ni ndogo kuliko sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 400, kwa hiyo zinapita pua na koo na kutua kwenye vifuko vya hewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000. Mama aliyepika kwa kuni miaka mingi anaweza kupata ugonjwa sugu wa mapafu hata kama hajawahi kushika sigara.

Lakini anayekuahidi kwamba mtungi wa gesi peke yake utafuta nimonia nyumbani kwako hasemi kweli. Utafiti wa Malawi uliotolewa mwaka 2016, wenye watoto zaidi ya 10,000, uliwapa watu majiko yanayopunguza moshi, na nimonia haikupungua. Mwingine uliofanyika Rwanda, Guatemala, India na Peru ulitumia gesi kabisa, na nimonia kali kwa watoto wachanga nayo haikupungua. Mimi nausoma ushahidi huo hivi: kinga hii ina tabaka nyingi. Nyumba yenye gesi bado inavuta moshi wa jirani na wa taka zinazochomwa uani. Gesi nataka ifike kila jiko, na nafurahi serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Iende pamoja na maziwa ya mama, na chanjo ya nimonia ambayo watoto wetu wanaipata tangu 2013.

Dawa ina mahali pake. Mhesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, dakika nzima: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Huyo huenda anaihitaji amoksilini, na tunataka imkute bado ina nguvu. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na kila dozi tunayompa kuku mwenye kirusi inaongeza usugu huo.

Ningependa muuza dawa za mifugo, kabla hajafungua kabati, amuulize mteja alibadilisha maranda lini na banda linapitisha hewa upande gani. Na muuguzi anayempokea mtoto mwenye kikohozi aulize kwenu mnapikia nini, na mama akiwa jikoni mtoto anakaa wapi.