Hatua mbili za ukuta

Parokiani kwetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tunaadhimisha misa kwa utaratibu wa Zaire (jina la zamani la nchi yetu), ule uliokubaliwa na Roma mwaka 1988. Wageni hushangazwa na ngoma na wanaocheza kuzunguka altare. Kinachonishika mimi ni kingine: toba haiko mwanzoni. Unasikiliza masomo kwanza, unahubiriwa, unakiri imani, ndipo unainamisha kichwa na kusema "Bwana, utuhurumie". Padri anapita akinyunyiza maji, na kabla hayajakukauka usoni unageuka kumpa jirani mkono wa amani. Papo hapo. Hupati hata nafasi ya kujifanya hukumwona aliyekaa kando yako.

Kwa miaka mingi aliyekaa kando ya Mama yangu ni mtu aliyemega kiwanja chetu.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji, ikala hadi kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mtaani kwetu ilifunika kila kitu: msingi wa nyumba, choo, na mparachichi uliokuwa mpaka. Mwamba ulipopoa, watu walianza kupima upya kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu haijawahi kumpunja mwenyewe. Jirani alijenga ukuta kwa mawe yale yale meusi, hatua mbili ndani ya kwetu. Baba alilalamika hadi akachoka. Alifariki na neno lake moyoni.

Hatua mbili ni kitu gani? Ndivyo tulivyoambiwa kwenye shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo: hayo ni mambo madogo, sameheni tu. Hapo ndipo nisipoelewana na wahubiri wetu wengi, mapadri kwa wachungaji. Wanapousoma mfano wa mtumwa asiyesamehe, Mathayo 18, wanatuambia kwamba aliyesamehewa talanta 10,000 alimkaba koo mwenzake kwa dinari 100, vijisenti. Si vijisenti! Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Mathayo huyo huyo anatuonyesha katika sura ya 20, kwenye shamba la mizabibu. Kwa hiyo dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Mwendee mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, umwambie miezi mitatu ya mshahara ni kitu kidogo, uone atakavyokutazama.

Deni la yule wa kwanza kweli halilipiki. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, basi talanta 10,000 ni siku milioni 60 za kazi. Lakini Yesu hasemi popote kwamba yule wa pili hakuwa anadaiwa. Na tazama mfano unavyoanza: mfalme anataka kufanya hesabu. Hesabu inafanywa, deni linatajwa mbele ya mdaiwa, na huruma inakuja baada ya hapo.

Sisi watu wa Kivu tunahimizwa kusamehe mbio mbio, na mara nyingi anayehimiza ni yule ambaye hakupoteza kitu. Papa Fransisko alipokutana na wahanga wa vita vya mashariki mjini Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023, wao ndio walioanza kusema. Walisimulia waliyotendewa, wakaweka chini ya msalaba vitu mfano wa vile vilivyowaua ndugu zao, panga likiwemo. Neno la msamaha lilitamkwa hapo, panga likiwa linaonekana.

Sasa nirudi kwa Mama. Jumapili moja ya mwaka 2019, baada ya misa, bila kumshauri yeyote kati yetu, alifungua kamba ya kuanikia nguo, akamwita jirani (kwetu mwanamume wa heshima huitwa Papa), akaivuta kutoka kwenye msingi wa zamani hadi ukutani.

"Papa, ni hatua mbili. Ziko kwako tangu volkano. Nimekuachia, ukuta ubaki."

Mimi nilikasirika, urithi wa Baba unagawiwa hivi hivi. Jirani alikasirika kunishinda. Alisema yeye hajaiba kitu, na nani aliomba kusamehewa? Jumapili iliyofuata alihamia mabenchi ya upande wa kwaya, akabaki huko.

Hasira ile nimeifikiria sana. Mama angesema "yaishe, Papa", jirani angecheka na kumshika mkono. Kilichomchoma ni kamba. Na mbele ya Mungu, nadhani, wengi wetu tunamfanana: tunataka rehema isiyopima. "Utuhurumie" tunaiimba kwa wingi, sauti nne, na hakuna anayetaja hatua zake. Mimi mwenyewe nikienda kitubio natawanya maneno makubwa, nimekosa kwa mawazo, nimekosa kwa uvivu, halafu lile lenye jina la mtu na kiasi cha pesa nalipitisha mbio, nikitumaini padri amesinzia.

Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Lava ilisimama Buhene, ila ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 mamlaka ikaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Tukashika barabara ya Sake kwa miguu, magodoro juu ya chukudu, zile skuta zetu za mbao za kusukuma, sufuria zikigongana. Katikati ya umati ule jirani alitokea kando ya Mama, mjukuu mgongoni, kifurushi kila mkono. Walitembea pamoja bila kusemeshana, mwendo mrefu.

"Mama," akasema mwishowe, "zile hatua. Si mbili. Ni mbili na nusu."

"Najua, Papa. Lete huyo mtoto nimbebe."