Mstahiki Meya, tuhesabie mzigo uliofika ghalani

Marehemu baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika bandari ya Tanga, enzi zile meli kubwa haikuweza kusogea gatini. Ilitia nanga huko nje, zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka ukingoni. Mzigo ukashushwa kwenye matishari, vyombo bapa vya kubebea mzigo, matishari yakavutwa mpaka gatini, makuli wakaupakua tena. Kila gunia lilihesabiwa mara mbili, melini na nchi kavu. Baba alikuwa wa nchi kavu, daftari mkononi, penseli sikioni. Alikuwa akituambia kwamba hesabu ya melini ni ya mwenye meli, na ya ghalani ndiyo ya mwenye mzigo. Zikipishana hata kwa gunia moja, watu hawaendi nyumbani.

Nimemkumbuka sana wiki hii. Desemba imeingia, na huu ndio mwezi wa viongozi kugeuka nyuma na kuutazama mwaka waliouvuka. Barazani kwetu Ngamiani kahawa ikizunguka mazungumzo ni hayohayo: jiji linakua, Mstahiki Meya atatuambia nini safari hii?

Kwamba linakua, hilo halina ubishi. Sensa ya 2012 ilitukuta watu zaidi ya 273,000 katika Jiji la Tanga, na ya 2022 ikatukuta zaidi ya 393,000. Hao ni watu laki moja na ushee walioongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anahitaji maji, choo, njia ya kupita na mahali pa kutupa taka. Nenda Pongwe, nenda Kange, utaona misingi ya nyumba mahali tulipokuwa tukiokota maembe.

Bandari nayo si ile ya baba. Kina kilichokuwa mita 3 kimechimbwa hadi mita 13, gati la mita 450 limeboreshwa, na kazi yote imegharimu zaidi ya shilingi bilioni 429. Meli inafunga kamba gatini kabisa. Mara ya kwanza nilipoiona hivyo nilisimama Raskazone nikalia, sioni haya kusema. Ng'ambo ya pili, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Na barabara ya kutuunganisha na Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, ambayo wazee wetu waliiota tu, imeonekana kwa macho yetu.

Nayapenda yote haya. Lakini ni hesabu ya melini. Bandari ni ya mamlaka ya kitaifa, bomba ni la mataifa mawili na wabia wao, barabara kuu ni ya Serikali Kuu. Meya yeyote wa Tanga akisimama mwisho wa mwaka akayataja haya, atakuwa anasema kweli, nasi tutapiga makofi. Bado atakuwa hajatueleza kilichofika ghalani.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu Tanga imewahi kukua kwa namna hii na ikaanguka kwa namna hiyohiyo. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache iliyosalimika safarini, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miche hiyo ndiyo iliyojaza mashamba hadi Muheza na Korogwe, ikaipa kazi reli na bandari. Sensa ya 1967 iliikuta Tanga ni mji wa pili kwa wingi wa watu Tanzania Bara. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikashuka, mashamba yakabadilisha wamiliki, na mji ukaanza kupungukiwa pumzi. Baadaye viwanda navyo vikafungwa kimoja baada ya kingine, hata kile cha mbolea. Nimekulia kwenye ukimya huo. Vijana wa rika langu waliondoka kwa mabasi ya alfajiri kwenda Dar es Salaam, na msemo wa "Tanga, waja leo waondoka leo" kwetu ukawa wimbo wa kuagana.

Neema iliyotoka nje ilirudi nje kwa kuwa ilikuwa ikipita tu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ninachotaka kusikia kutoka kwa Meya ni huko kupona kwa mwenyeji, mtaa kwa mtaa, kwa tarakimu.

Mfano tunao hapahapa, wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua miundombinu ya maji. Watu walinunua kupita kiasi kilichotakiwa. Mimi kilichonigusa zaidi ya fedha ni ule utaratibu. Mwenye kukopa aliandika: nataka kiasi hiki, kwa kazi hii, nitakulipa tarehe hii. Aliyenunua ana haki ya kuuliza, naye aliyekopa hawezi kumjibu kwa hotuba.

Basi mama anayelipa ushuru sokoni Mgandini kila asubuhi naye ni mkopeshaji wa jiji hili. Dereva wa bajaji vilevile, na mwenye kibanda kilichokatiwa leseni. Hawana karatasi ya hatifungani, ila fedha yao imeingia. Wanastahili kujibiwa kwa lugha ileile.

Najua Meya si mfalme. Huchaguliwa na madiwani wenzake, na Mkurugenzi wa Jiji, anayeshika shughuli za kila siku, huteuliwa na Rais. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Hata hivyo yapo mambo ambayo Baraza la Madiwani linayashika kwa mikono yake. Taka ni lao. Masoko ni yao. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, kuikopesha bila riba ni kazi yao. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa baadaye, na ndiyo kwanza ningependa kuisikia katika salamu za mwaka: vikundi vingapi vilipata, vya kata zipi, vingapi vimerejesha, na vile vilivyoshindwa vilikwama wapi.

Na baiskeli. Hapa naomba nikae kidogo. Mji wetu ni tambarare, na kwa baiskeli ndivyo Tanga inavyoishi: muuza samaki anatoka nayo soko la Deep Sea, mwanafunzi anakwenda nayo Usagara, mzee wa miaka sabini anaendea nayo msikitini Ijumaa. Mzigo ukiongezeka bandarini, malori yanaongezeka barabarani, na lori na baiskeli zikigombea lami moja sote tunajua nani anazikwa. Hili si la kusubiri takwimu. Jiji linaloendesha baiskeli kuliko mengi nchini lilipaswa kuwa la kwanza kuwatengea waendeshaji wake njia yao, pana, yenye kivuli cha miti, kuanzia Chumbageni hadi Pongwe. Meya hana TARURA mfukoni, lakini ana sauti, ana Baraza, ana siti mezani mipango inapopangwa. Akisema mwaka ujao tutaanza na kilomita tano, nitamwamini kuliko akiniahidi jiji la kisasa.

Mitaro nayo. Masika yaliyopita maji yaliingia uani kwetu mpaka kwenye jiko la mkaa, na mama akapika juu ya meza. Katika mtaa wetu hakuna aliyeweza kusema mtaro ule ulipaswa kuzibuliwa na nani, na lini. Nani na lini, maneno mawili tu. Yangeandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kata zote, tungejua pa kubisha hodi kabla mvua haijanyesha.

Vikao vya Baraza hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuketi akasikiliza. Cha Januari nitakwenda. Daftari la baba lipo, limeliwa na nondo pembeni lakini lina kurasa tupu nyingi. Nimeshapiga mstari katikati ya ukurasa kama alivyofanya yeye, kushoto nitaandika yatakayosemwa, kulia nimeacha wazi mpaka masika.