Kabla ya Kununua Kamera, Ipe Kazi

Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, kamera za usalama huuzwa kwa seti: nne, nane au kumi na sita, pamoja na rekoda, diski na maboksi ya waya. Mteja anaulizwa swali moja tu, unataka ngapi? Fundi anakuja, anazipachika kwenye kona za juu kabisa ili zione kote, anaunganisha na simu ya mwenye duka, basi. Siku mali ikiibwa video ipo, mtu anaonekana akiingia na kutoka, ila chini ya kofia aliyovaa hakuna sura ambayo polisi anaweza kuifanyia kazi. Kamera nane zimefungwa na hakuna hata moja iliyopewa jukumu la kunasa sura.

Nashikilia kwamba mfumo wowote wa ufuatiliaji, uwe wa duka, wa zahanati au wa mbugani, uanze na sentensi moja iliyoandikwa kwenye karatasi: tunataka kujua nini, nani ataangalia, na ndani ya muda gani. Vifaa vinafuata baadaye. Mwenye kuanza na vifaa huishia kulipa mara mbili.

Upande wa kamera, sentensi hiyo ina vipimo vyake. Kiwango cha kimataifa cha kamera za usalama, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilihesabu pikseli (nukta zinazounda picha) zinazoangukia kila mita moja ya eneo linaloonekana. Kujua tu kwamba kuna mtu, pikseli 25 kwa mita zinatosha. Kumtambua mtu ambaye tayari unamfahamu, kama mfanyakazi wako, unahitaji 125. Kumthibitisha mgeni usiyemjua, sura ambayo unaweza kuipeleka kituoni, ni 250. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya kwa 250 upate mita 7.7. Upana wa picha ukizidi hapo, sura ya mgeni imeshakutoka.

Sasa tazama lenzi. Seti nyingi huja na lenzi ya milimita 2.8, ambayo huona upana wa takriban nyuzi 100. Kwa lenzi hiyo, picha inafikia upana wa mita 7.7 mtu akiwa umbali wa mita tatu na kidogo tu. Akisimama mita nane, unabaki na pikseli 100 kwa mita, na hapo hata mfanyakazi wako mwenyewe hutamtambua kwa uhakika. Lenzi ya milimita 6, ambayo huona nyuzi 50 hivi, inakufikisha mita nane kwa kamera ileile na bei ileile. Kwa hiyo mlangoni weka lenzi nyembamba, yaani inayoona eneo dogo, na ile pana iache ndani ionyeshe nani alielekea wapi. Kamera moja ya mlangoni iliyopangwa vizuri ina faida kuliko tano za kwenye kona.

Urefu wa kuifunga nao una lake. Kwa sura, mita 2.5 hadi 3, mtu anapotazama mbele. Ukipanda mita nne na kuinamisha kamera, unarekodi utosi na kofia. Mlango unaotazama jua la mchana unahitaji kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, inayoandikwa WDR ya desibeli 120 kwenye boksi, la sivyo kila anayeingia atakuwa kivuli cheusi. Usiku tatizo linageuka: taa za infraredi, zile za kamera zenye mwanga usioonekana kwa macho, zikigonga ukingo wa paa au ukuta ulio karibu, mwanga unarudi na picha yote inakuwa ukungu mweupe. Buibui nao hupenda kutanda hapo kwa sababu wadudu hukusanyika. Utando mmoja mbele ya lenzi unatosha kuharibu usiku mzima, na dawa yake ni ufagio kila wiki mbili.

Kibanda cha wakala wa miamala ya simu kinaonyesha haya yote kwa karibu. Ugomvi wa pale ni mteja anayedai alitoa laki mbili na wakala anayesema alipokea laki na themanini. Kamera ya kona haiwezi kuamua. Inayoweza ni ile iliyo juu ya kaunta, ikitazama chini moja kwa moja, picha ikiwa na upana wa mita mbili tu. Hapo unapata pikseli 960 kwa mita, na noti ya elfu kumi inatofautiana wazi na ya elfu tano. Kasi iwe angalau picha 15 kwa sekunde, maana mkono uliozoea kuhesabu pesa hupitisha noti upesi, na kwa picha tano au sita kwa sekunde noti mbili zinaweza kupita bila kuonekana. Mpe mteja nafasi ya kuhesabia ndani ya eneo hilo, na weka alama ya tepu kwenye kaunta ili pesa zihesabiwe hapohapo. Tepu hiyo ni sehemu ya mfumo sawa na kamera.

Kituo cha mafuta kina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Gari lililosimama kwenye pampu ni rahisi, kamera yoyote nzuri inasoma namba. Gari linalotoka bila kulipa ni jambo lingine. Usiku kamera ya kawaida hufungua shata, yaani kilango cha kuingizia mwanga, kwa muda wa 1/25 ya sekunde ili ipate mwanga. Gari la kilomita 40 kwa saa husogea sentimita 44 katika muda huo, na namba inakuwa mstari uliopakwa. Unahitaji shata ya 1/1000, ambapo gari husogea sentimita moja tu, lenzi nyembamba, pikseli zaidi ya 100 kwenye upana wa kibao cha namba chenyewe, na kamera isiyoelekea taa za mbele moja kwa moja. Ukishaipanga hivyo, mazingira mengine yote yatakuwa giza kwenye picha. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kamera ya namba ni ya namba tu.

Kisha inakuja diski, mahali ambapo hesabu husahaulika kabisa. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 kwa siku. Nane hula karibu 345, na diski ya terabaiti 1 inaanza kujifuta siku ya tatu. Ukitumia mbano wa H.265, njia ya kupunguza ukubwa wa video, kwa megabiti 2 unapata nusu ya matumizi, yaani siku tano na kitu. Lakini mali inayoibwa kidogokidogo dukani hugundulika siku ya kuhesabu stoo, mwisho wa mwezi. Kama unahesabu kila baada ya siku 30, weka kumbukumbu ya siku 35, na kwa kamera nane za megabiti 2 hiyo ni zaidi kidogo ya terabaiti 6. Nunua ya 8, tena iwe iliyotengenezwa kwa rekoda. Diski ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandikwa saa 24 kila siku, na hufa kimyakimya huku skrini ikiendelea kuonyesha picha za moja kwa moja. Mwenye duka haoni tofauti mpaka siku anayohitaji picha za juzi.

Waya nao. Ule wa bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, uache. Dalili yake ni ya ajabu kwa asiyejua. Kamera inafanya kazi vizuri mchana, ikifika saa moja jioni inazimika na kuwaka tena na tena. Taa za infraredi zikiwaka kamera inavuta umeme mwingi zaidi, volti zinashuka njiani, na kamera inajizima. Watu hubadilisha kamera mara mbili mara tatu wakati kosa liko ukutani.

Kuhusu umeme, seti ya kamera nane na rekoda hutumia wati 70 hivi usiku. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na ampia-saa 7 haifikishi saa moja. Betri ya ampia-saa 100, ukiitumia nusu tu ili idumu, inakupa saa nane hivi, yaani sehemu kubwa ya usiku umeme ukikatika. Na ufunge kwa kufuli swichi kubwa iliyo nje karibu na mita, kwani mwizi anayejua huanza na hiyo.

Nje ya kamera kuna mfumo mmoja ambao natamani wauza kamera wangeusoma: kifaa kidogo cha kurekodi jotoridi ndani ya friji la chanjo. Kazi yake imeandikwa kwa namba. Chanjo zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi 8 kwa saa 10 mfululizo, kengele inawaka. Likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60, kengele inawaka. Kuna sababu ya tofauti hiyo ya muda: chanjo kama ya pepopunda au ya homa ya ini B huvumilia joto kidogo, lakini ikiganda imeharibika na hairudi. Muuguzi anasoma mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kuandika kwenye chati iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Kifaa kinahifadhi siku 30 za nyuma. Hapo kila kitu kipo: kinachopimwa, kikomo, muda, msomaji, na la kufanya kengele ikilia. Kifaa hicho kinaokoa chanjo kwa sababu aliyekibuni alijua nini kinaharibu chanjo, na muuguzi anayekisoma ndiye yuleyule anayejua afanye nini.

Serengeti inatupa funzo jingine, la gharama ya kuangalia. Watafiti walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, moja kwa kila kilomita 5 za mraba, zikijiwasha zenyewe kwa joto na mwendo. Kati ya 2010 na 2013 walipata mafungu milioni 1.2 ya picha. Yenye wanyama yalikuwa kama 322,000. Mengi ya yaliyobaki ni nyasi zilizopigwa na upepo. Maelfu ya watu wa kujitolea mtandaoni ndio waliochambua. Mwenye supamaketi hana watu hao. Akiwasha tahadhari ya mwendo kwenye kamera inayotazama mti au feni, simu italia mara mia kwa usiku, na siku ya tatu ataizima sauti. Chora eneo la tahadhari mlangoni tu, kwa saa za duka kufungwa tu, na ukubwa wa kitu uwekwe ili paka asihesabiwe.

Kuna mahali ambapo kamera haina kazi halali hata moja: chumba cha kubadilishia nguo, bweni, wodi ya wazazi, chooni. Hili linaniuma, kwa kuwa shule na hospitali huzifunga huko kwa jina la usalama, kisha picha zinaonekana na yeyote mwenye nywila ya rekoda. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya sheria yake ni ya 2019. Kanuni za usajili za Kenya za 2021 zinamtaka mwenye kamera za usalama ajisajili hata kama biashara yake ni ndogo. Bandika tangazo mlangoni, andika nani ana haki ya kutazama, na acha kusambaza video za wateja kwenye makundi ya WhatsApp.

Na ibadilishe nywila iliyokuja na boksi. Tarehe 21 Oktoba 2016 huduma kubwa kama Twitter na Netflix zilishindwa kufikika kwa mamilioni ya watu, na shambulio lilitoka kwenye jeshi la vifaa vilivyotekwa na wadukuzi mtandaoni, vingi vikiwa rekoda na kamera zilizoachwa na nywila za kiwandani.

Mwisho kabisa, ushahidi. Rekoda nyingi zina betri ndogo ya CR2032. Ikifa, umeme ukikatika saa inarudi miaka mingi nyuma. Nyingine huja na mabadiliko ya saa ya majira ya joto yakiwa yamewashwa, hivyo kuna miezi inakwenda saa moja mbele. Izime hiyo, weka ukanda wa saa +3, na uiunganishe ipate saa kutoka mtandaoni. Siku ya tukio, kwanza piga picha skrini ya rekoda ikiwa kando ya simu yako ili tofauti ya saa ijulikane. Toa video kwa muundo wa rekoda yenyewe pamoja na programu ya kuichezea, kuanzia dakika 15 kabla hadi 15 baada, nakala mbili kwenye flashi mbili. Usirekodi skrini kwa simu, kwani nakala ya namna hiyo ni rahisi kupingwa mahakamani. Andika nani alitoa, saa ngapi, nani alipokea, na wote wawili wasaini. Diski yenyewe itoe na uweke nyingine, maana ile ya zamani ikibaki itaendelea kujifuta wakati jalada la kesi liko mezani.