Kamusi iliyoniuza

Mbele ya watu wapatao sitini, masufuria mawili ya pilau na spika la kukodi, niliwahi kumwambia bosi wangu kwamba ukarimu wake unatia kinyaa. Nilisema kwa Kiingereza, kifua mbele, na nikapigiwa makofi.

Ilikuwa Morogoro, kwenye mradi mmoja wa maji. Bosi alikuwa mama Mwingereza, mtu mzima, na mkataba wake ulikuwa umeisha. Kamati ya sherehe ikagawana kazi: mhasibu akakusanya michango, dada wa mapokezi akashika suala la keki, mimi mtunza stoo nikapewa risala, eti kwa sababu nina kamusi. Kamusi yenyewe ilikuwa ya visawe, haina jalada. Niliinunua Posta, Dar es Salaam, kwa wale wanaotandaza vitabu chini. Alitaka elfu tano, tukamalizana kwa tatu.

Kwanza niliandika kwa Kiswahili. Ilitoka vizuri, ila kila mstari una "tulishangaa". Tulishangaa ulivyofika, tulishangaa unavyochapa kazi, tulishangaa ulivyo mkarimu. Sasa mwalimu wangu wa darasa la saba alikuwa akituambia kurudia neno moja ni njaa ya maneno, na alikuwa akituambia hivyo huku ameshika fimbo. Nikafungua kamusi kwenye "surprise". Lahaula! Ukoo mzima: "astonish", "amaze", "startle", "stun", "shock", "appal", "flabbergast", yametenganishwa na mkato tu, kama nyanya za fungu moja sokoni. Na fungu la nyanya mnalijua, nzuri zinakaa juu. Mimi nikachota tu, kila sentensi na neno lake, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Siku ikafika. Nikashika maiki. "Mama, when you came, we were startled." Kumbe nimemwambia kwamba tulipomwona tuliruka kama mtu aliyekanyaga nyoka. "We were shocked that you work so hard." Yaani habari kwamba huyu mama anafanya kazi ilitufikia kama habari ya msiba. Nikapumua, nikaangalia ukumbi, nikaangusha ile niliyoitunza ya mwisho: "Above all, Mama, we are appalled by your generosity."

Mkandarasi mmoja Mkenya, meza ya mbele, soda ikamtokea puani. Mshereheshaji, ambaye Kiingereza chake kinaanzia "one two" na kuishia hapohapo, akadaka: "Makofi ya kilo tano kwa mzee wa stoo!" Yakapigwa, na vigelegele juu. Mama mwenyewe alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nikajua ameguswa, analia. Basi nikaongeza kitu ambacho hata kwenye karatasi hakikuwepo: "And I am still appalled."

Ikaja zamu yake kujibu. Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Jana yake jioni tulimfanyia sapraizi: akiwa ametoka saiti na dereva, wakafungua mlango wa ofisi gizani, taa zikawashwa ghafla, kelele, keki. Alifurahi sana, na alitaka kuisema furaha hiyo kwa Kiswahili, bila kusaidiwa na mtu. Kumbe naye alikuwa na kamusi, naye alikesha nayo.

"Ndugu zangu," akasema, "asanteni sana. Jana mlinifumania."

Ukumbi ukanyamaza. Hata mwenye spika akapunguza muziki.

"Mlinifumania ofisini, mimi na dereva wangu. Taa zilikuwa zimezimwa. Sisi hatukujua kama mpo." Akaweka mkono kifuani. "Sijawahi kufumaniwa vizuri namna ile. Namwombea kila mtu hapa afumaniwe hivyo, angalau mara moja."

Mke wa dereva ndiye aliyekuwa anapakua pilau. Upawa ulibaki hewani. Dereva alisimama, akakaa, akasimama tena: "Keki! Jamani, anasema keki!" Ndivyo inavyokuwa, ukweli ukitetewa kwa haraka unafanana na uongo. Ilibidi dada wa mapokezi atoe simu na kuonyesha video, mishumaa na yote, ndipo upawa ukashuka.

Baadaye Mama akaniita pembeni, kila mtu na soda yake, tukawa kama wadeni wawili wanaosomeana daftari. Nikamweleza kufumania ni nini. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, lakini kamusi yake haikukosea sana, maana "surprise" lilipoingia Kiingereza kutoka Kifaransa lilikuwa na maana ya kumvamia mtu, kama askari wanavyovamia ngome isiyo na habari. Kuna utani wa zamani unaomsingizia Noah Webster, yule Mmarekani wa kamusi ya 1828: mkewe anamkuta amemkumbatia mfanyakazi wa ndani, anapiga kelele kwamba yuko "surprised". Mzee anamsahihisha: hapana mke wangu, mimi ndiye "surprised", wewe uko "astonished". Kwa Kiswahili wala huhitaji kuufafanua. Mzee kafumaniwa, mama kapigwa na butwaa, basi.

Ya kwangu ilichukua muda zaidi. "Astonish" na "stun" ni ndugu, wametoka kwenye ngurumo ya radi ya Kilatini, kwa hiyo ukistaajabu sana umepigwa na radi, sawa. "Flabbergast" lilijitokeza kwenye maandishi mwaka 1772, likiwa neno jipya la mjini, na hadi leo baba yake hajulikani. Lakini "appal", akasema taratibu kama daktari anayetoa majibu, ni kupauka uso kwa jambo baya mno, la kuchukiza.

"Kupauka?" nikauliza. "Mama, mimi mtu wa Kilosa nitapaukia wapi? Sisi tukipatwa na jambo zito tunasawijika, uso unazidi weusi." Akaliandika hilo neno kwenye kitambaa cha karatasi, akalikunja, akalitia kwenye mkoba. Nikamwomba asilitumie kwenye hotuba.

Mkandarasi Mkenya hakulala na siri yake. Kufikia Jumatatu ofisi nzima ilijua nilichosema. Dereva sasa akija stoo kuchukua matairi anagonga dirisha na kuita, "Mzee Appalled!" Namwandikia fomu yake, na kwenye mstari wa jina la mpokeaji naweka: Bwana Fumanizi. Anasaini.