Gia Tano za Kurudi Nyuma

Injini ya pikipiki ya 125cc ina gia nne au tano, na zote ni za kwenda mbele. Rivasi haina. Aliyeiunda alijua kwamba mwenye pikipiki akitaka kurudi nyuma atashusha miguu na kuisukuma, mambo yakaisha. Sasa mimi na shemeji yangu tulichukua injini hiyohiyo, tukaifunga kwenye gokati, kile kigari kidogo cha mashindano, ya kujiundia wenyewe, tukapata kigari chenye gia tano za kurudi nyuma na ya kwenda mbele hakina hata nusu. Mafundi wanaojua kazi zao wakisikia hivyo hunyamaza kwanza, halafu huomba niwaeleze taratibu.

Wazo lilikuwa la shemeji. Pikipiki yake ilipinda fremu, injini ikabaki nzima, na injini nzima ikikaa bure inamnyima usingizi. Akaja na hoja za kihistoria. Mwaka 1956, akasema, kule California, fundi wa magari ya mashindano aitwaye Art Ingels alichukua paipu chache za chuma, akafunga injini ndogo ya mashine ya kukatia nyasi, na hiyo ndiyo ikawa gokati ya kwanza duniani. "Mwenzetu alianza na mashine ya nyasi, shem. Sisi tuna nguvu farasi kama kumi hapa. Tunashindwa nini?"

Nilishindwa kujibu, kwa hiyo nikachukua penseli. Yeye ni mtu wa kuchomelea, mimi ni mtu wa karatasi, na nasema bila aibu kwamba ule mchoro ulikuwa mzuri. Ulikuwa na vipimo. Ulikuwa na mshale mkubwa ulioandikwa MBELE. Ninao mpaka leo, na asiyeamini nitamwonyesha.

Ugumu wa kupanga kigari kama hicho uko kwenye hesabu ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, si kwenye chuma. Gurudumu la pikipiki lina kipenyo cha karibu sentimita 60. La gokati halifiki 30. Maana yake ekseli ikizunguka mara moja, kigari kinasogea chini ya nusu ya mwendo ambao pikipiki ingesogea. Ukiacha sproketi ya nyuma ya meno 42 kama ilivyotoka kwenye pikipiki, injini itapiga kelele za kutisha huku watoto wanakupita kwa miguu wakikuuliza kama umechoka. Tukashuka hadi meno 28. Shemeji alitaka tushuke zaidi, nikamwambia kiti hakina mkanda.

Jambo lingine ni kwamba gokati haina difu, zile gia zinazoyaacha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti. Ekseli ya nyuma ni rodi moja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa hata kwenye kona, ambako la ndani lina njia fupi kuliko la nje. Dawa yake ni kuzilaza pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, juu zielekee nyuma kidogo. Ukikata kona, mlalo huo unainua gurudumu la nyuma la ndani, kigari kinageuka vizuri. Faida ya pili ni kwamba ukiuachia usukani ukiwa kwenye mwendo, unajinyoosha wenyewe. Shemeji alilaza zile pini kwa ustadi ambao sijauona tena. Naomba msomaji aukumbuke huo usukani, tutarudi kwake.

Basi kazi ikaenda. Fremu ikasimama, beringi zikakaa, cheni ikapimwa kwa rula ndefu ikaonekana imenyooka. Ukaja usiku ambao mimi nililala na shemeji hakulala.

Kwenye pikipiki, ekzosi hutokea upande wa mbele wa silinda ili upepo uipoze. Kwenye mchoro wangu injini ilikaa nyuma ya kiti, silinda ikitazama mbele kama alivyotaka aliyeiunda. Shemeji akaitazama hali hiyo usiku ule akaona hatari: bomba la moto lingetokeza moja kwa moja kwenye mgongo wa dereva. Na dereva ni mimi. Kwa upendo, sina neno jingine, kwa upendo mtupu akaikata miguu ya injini, akaigeuza nzima itazame nyuma, akachomelea upya. Sproketi ya injini iliyokuwa kushoto sasa ikawa kulia, akahamisha na ya ekseli ije kulia. Asubuhi nikakuta kila kitu kimekaa sawa, cheni imenyooka vilevile, na bomba la ekzosi limetokeza nyuma kama la gari la mashindano.

"Umeona?" akasema. "Moshi nyuma, dereva mbele."

Nikamsifu. Mtu yeyote angemsifu.

Tukainua nyuma ya kigari kwa matofali, akapiga kiki, injini ikaitika. Nikaingiza gia ya kwanza. Magurudumu yakazunguka, majirani wakapiga makofi, mtoto mmoja akacheza. Wanaume wazima walikuwa wameinama pale wakikagua beringi, wakisikiliza cheni, mmoja akasema hata taimingi imekaa vizuri. Magurudumu yanazunguka, ndiyo, lakini hakuna aliyeuliza yanazungukia wapi.

Siku ya kukijaribu, usalama ulikuwa wa hali ya juu. Hapo sitaki mtu atuonee. Tulikisimamisha katikati ya uwanja, tukaondoa kila kilichokuwa mbele: baiskeli, ndoo, watoto, mbuzi aliyekataa kuondoka tukambeba. Watazamaji wote tukawapanga nyuma, mahali salama. Mama mkwe, kwa heshima yake, tukamwekea kiti nyuma kabisa kuliko wote, karibu na kamba ya kuanika nguo, penye kivuli. Nilimtengenezea kile kiti mwenyewe kisitikisike.

Shemeji akaongeza ulinzi wa mwisho. Alifunga kamba ndefu kwenye swichi ya kuzima injini, ncha ya pili akajiviringishia mkononi, akasimama nyuma yangu hatua kadhaa. "Kikikushinda," akasema, "kitakimbia mbele, kamba itakaza, itang'oa swichi, injini itazima. Huna cha kuogopa."

Nikakaa. Mguu wa kulia kwenye mafuta, wa kushoto kwenye breki. Kishikio cha klachi kilikuwa kwenye usukani, upande wa kushoto. Nikaingiza gia ya kwanza, nikatazama mbele kwa ushujaa, nikaachia klachi.

Uwanja ukaanza kuondoka. Ule uwazi wote tuliousafisha ulikuwa unanikimbia, na yule mbuzi akiwa kwenye kona yake alinitazama nikizidi kuwa mdogo. Akili yangu ilichelewa. Mwili haukuchelewa: kigari kiliporuka nyuma, mimi nikatupwa mbele, na uzito wangu wote ukashukia kwenye pedali. Ya mafuta. Kadiri kilivyokimbia ndivyo nilivyozidi kukikanyagia.

Nikakanyaga na breki. Ilikuwa breki ya mkanda, ukanda wa chuma wenye bitana unaobana ngoma kwenye ekseli. Ngoma ikizunguka kwenda mbele, inauvuta ule ukanda ujikaze zaidi, unagusa kidogo tu kigari kinasimama. Ikizunguka kinyume inausukuma ulegee. Kwa hiyo nilikanyaga mpaka mwisho, nikasikia mlio mdogo wa kusikitika, na mwendo ukabaki vilevile.

Usukani nao. Zile pini zilizolazwa kwa ustadi, zinazonyoosha magurudumu ukienda mbele, ukirudi nyuma zinafanya kinyume chake: magurudumu yanataka kugeuka yenyewe yatazame kule kunakoendewa. Usukani ukanipokonya mikono. Ulipotulia, kishikio cha klachi kilichokuwa kushoto juu sasa kilikuwa kulia chini, kati ya magoti yangu na paipu ya fremu, mahali ambapo vidole havifiki. Nikaona bora nitafute nyutro. Sasa kwenye pikipiki nyutro haiko mwanzoni, imejificha katikati ya gia ya kwanza na ya pili, unaipata kwa kuvuta kidogo, kwa upole, kwa moyo uliotulia. Mimi nilivuta kwa moyo niliokuwa nao.

Ikaingia ya pili.

Tumaini lililobaki ni shemeji na kamba yake. Lakini fikiria mwenyewe. Mtu ameshika kamba inayotakiwa kukazwa na kigari kinachomkimbia, na kigari kinamjia. Kamba haikukaza. Ilijikusanya miguuni kwake ikawa rundo. Nilimsikia akipiga kelele, "Mbele, shem! Mbele!" kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimechagua, halafu nikamwona kwa pembe ya jicho akiruka pembeni, na watazamaji wote wakitawanyika kutoka mahali salama kwenda mahali hatari, ambako kusema kweli ndiko walikopaswa kukaa.

Nikapita kwenye kamba ya nguo. Shuka la maua ya waridi likanifunika kichwa na kiti pamoja. Kuanzia hapo sikuona kitu, nilisikia tu. Nilisikia rundo la kamba likifumuka nyuma yangu, kwa maana ya mbele yangu, kwani sasa nilikuwa nimempita shemeji na hatimaye nilikuwa ninamkimbia kama ilivyopangwa. Kamba ikakaza. Kitu kikakatika. Injini ikazima ikiwa bado kwenye gia, ekseli ikagoma, kigari kikasimama kwa mshtuko.

Kimya. Nikainamisha uso ndani ya shuka, nikaona chini, pembeni ya tairi la nyuma la kushoto, ndala ya buluu. Ndani ya ndala, mguu. Tairi lilikuwa limeegemea kabisa ukingo wa ile ndala, limeukunja kidogo. Mguu haukuwa umesogea.

Nilifanya lililo la adabu. "Shikamoo, Mama," nikasema kutoka ndani ya shuka.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanisalimia umenipa mgongo?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikilitafuta silipati. Mkwe anaendewa kwa staha, anaendewa kwa zawadi, anaendewa na wazee wametangulia. Kuendewa kinyumenyume, na moshi ukitangulia, hilo sijawahi kulisikia likifanywa na mtu mwingine.

Baraza la mafundi likakaa palepale. Shemeji alizunguka kigari, akakiinua, akazungusha gurudumu kwa mkono, akaitazama injini, akaona. Niliuona uso wake ukiona. Kisha akasema kwamba kimsingi kila kitu kinafanya kazi. Jirani mmoja akashauri cheni ikunjwe msalaba, herufi nane, magurudumu yatazunguka kinyume. Huo ni ushauri wa mtu aliyezoea mashine za mikanda, maana mkanda unakunjika hivyo na cheni haikubali, viungo vyake hupinda juu na chini tu, pembeni havipindi. Mwingine akasema kiti ndicho kigeuzwe, nyuma pawe mbele. Shemeji alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Mwisho injini ikarudi ilivyokuwa kwenye karatasi: silinda ikatazama mbele, sproketi kushoto. Miguu ya injini ikachomelewa kwa mara nyingine tena, sasa imejaa makovu. Bomba la ekzosi likalazimika kutokea nyuma ya kiti na kupinda pembeni. Shemeji alilipindisha bila kusema neno.

Tulipokileta tena uwanjani, Mama alitoka na kiti chake, akasimama. "Leo mbele ni wapi?" akauliza. Shemeji akamwonyesha. Akamshukuru, akabeba kiti chake, akaenda kukaa barazani nyuma ya nguzo ya zege.

Nikaachia klachi na dunia ikanijia usoni, kama inavyotakiwa. Gia ya pili, ya tatu. Nikakata kona, gurudumu la nyuma la ndani likanyanyuka kama mchoro ulivyosema litanyanyuka, usukani ukajinyoosha wenyewe. Nilipiga kelele za furaha. Watoto walinifuata wakikimbia na hawakunipita.

Kwenye mzunguko uliofuata nikasikia harufu ya sponji inayoungua. Nikadhani ni bitana za breki, nikaendelea. Kisha joto likapenya shati. Nilisimamisha kigari kwa mguso mmoja wa breki, safari hii ilishika vizuri mno, nikaruka nje nikijipigapiga mgongo kwa mikono yote miwili.

Shemeji alikuja kwa mwendo wa kutembea, hakukimbia. Akainama, akachungulia tundu lililotoboka kwenye egemeo la kiti, mbele yake bomba likiwa jekundu kidogo. Akatia kidole kwenye tundu, akakitoa.

"Shem," akasema. "Mimi nilisema ekzosi itazame wapi?"